Kurusha muziki wa kwenye kompyuta hadi redio kubwa ya sebuleni, bila waya na bila bando

Watu wengi wana muziki wa kutosha umelala tu kwenye kompyuta, kuna CD zilizoripiwa miaka hiyo, kuna kanda za mzee zilizogeuzwa kuwa mafaili, kuna MP3 za kupeana kwa flashi tangu enzi za chuo, halafu hapohapo nyumbani sebuleni kuna amplifaya na spika za maana, Pioneer au Kenwood au Technics au Sony za miaka ya 80 na 90 ambazo mpaka leo zinapiga vizuri kuliko sabufa nyingi mpya za dukani, na hivi vitu viwili havijawahi kukutanishwa. Muziki unasikilizwa kwenye spika za laptopu, redio imefunikwa kitambaa. Kwa mtu anayependa muziki hiyo ni hasara kubwa, na kuiondoa siyo ghali sana wala haihitaji mtaalamu, ni kazi ya Jumamosi moja ukiwa umetulia.

Nianze na bando maana ndo swali la kwanza la kila mtu. Hii njia haili bando kabisa. Muziki unatoka kwenye kompyuta, unapita kwenye rauta, unafika kwenye redio, basi, hautoki nje ya nyumba. Hata kifurushi kikiisha, hata mtandao wa mtaa mzima ukikatika, rauta ikiwa na umeme tu muziki unaendelea kupiga. Ndo maana hata ile rauta ya zamani iliyolala kabatini tangu ulipohama kampuni inafaa, haihitaji laini wala malipo ya mwezi, inahitaji kuwashwa tu ili itoe wifi ya humo ndani. Ukilinganisha na kustrimu kutoka mtandaoni kwa ubora wa 320 kbps, hapo unakula kama MB 144 kwa saa, yaani Jumapili moja ya kupiga muziki kuanzia asubuhi mpaka jioni umeshavuka GB 1. Kwa muziki ambao tayari unao kwenye hadidiski!

Bluetooth nayo ipo, na kama kompyuta na redio vipo chumba kimoja na unataka tu kitu cha kuchangamsha nyumba, nunua kipokezi kidogo cha Bluetooth, chomeka AUX, umemaliza. Ila ina mambo yake. Kwanza sauti inabanwa upya kabla ya kurushwa, mfumo wa kawaida wa Bluetooth unaoitwa SBC unaishia kwenye kama 328 kbps, wakati CD yenyewe ni 1411 kbps, na hata LDAC ambayo ndo inasifiwa inaishia 990. Pili umbali wake ni kama mita 10 hivi, ukiweka ukuta wa tofali katikati unapungua, ukiweka kuta mbili sauti inaanza kukatakata. Tatu, na hili ndo linakera zaidi, kila mlio wa kompyuta unaenda kwenye spika, meseji ikiingia nyumba nzima inasikia. Kwa wifi hali ni tofauti kabisa kwa sababu kinachosafiri ni faili lenyewe, kama lilivyo, na kuna kifaa kidogo pembeni ya redio ndo kinalifungua na kuligeuza kuwa sauti hatua moja kabla ya amplifaya. Kompyuta inaweza kuwa chumbani, wewe ukawa unaandika kazi zako, mtoto akaangalia katuni humohumo, muziki wa sebuleni haujui chochote.

Kwa hiyo vitu vinavyohitajika ni vinne: kompyuta yenye muziki, rauta, hicho kifaa kidogo, na waya wa RCA (ule wa vichwa vyekundu na vyeupe) wa kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye amplifaya.

Kwenye kifaa ndo pana machaguo mengi. Kuna watu wana bahati ya kuwa na Chromecast Audio, kile kiduara kidogo cha Google cha mwaka 2015 ambacho kiliacha kutengenezwa 2019, au AirPort Express ya Apple iliyosimamishwa 2018, vyote viwili ukivikuta vya mtumba na vinafanya kazi vichukue, vina tundu la 3.5 mm linalotoa sauti ya kawaida na ya mwanga (optical) pia. Kwa AirPort Express tafuta ile nyeupe ya mraba ya 2012 maana ndo iliyopewa AirPlay 2. Ila shida ya vifaa vya kampuni moja ni kwamba siku kampuni ikichoka, na wewe umechoka. Mimi nashauri Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoingia mfuko wa shati. Raspberry Pi Zero 2 W ilipotoka Oktoba 2021 bei yake ya kiwandani ilikuwa dola 15, huku kwetu ikifika inakuwa zaidi ya hapo lakini bado ni pesa inayovumilika. Pi 3 au Pi 4 iliyotumika nayo ni nzuri, na tena Pi 4 na 3B+ zinashika wifi ya 5 GHz wakati Zero 2 W inashika 2.4 GHz tu, hilo nitalirudia.

Pi peke yake haitoshi, inahitaji DAC, yaani kile kibodi kidogo (bodi ndogo ya umeme, siyo kibodi cha kuandikia) kinachogeuza namba za kidijitali kuwa sauti. Zero 2 W haina hata tundu la hedifoni. Pi 3 na 4 wanalo lakini sauti yake ni nyembamba na ina mchakacho wa chinichini, kwenye spika nzuri utausikia. Nunua kibodi kinachokaa juu ya pini za Pi, HiFiBerry ni maarufu, ila vipo vya bei nafuu vyenye chipu ya PCM5102 na kwa masikio yangu vinatosha kabisa, vinatoa kama volti 2.1 ambayo ni karibu sawa na CD deki ya kawaida, amplifaya inaipokea vizuri bila kulegea. Ukinunua Zero hakikisha imeshachomelewa pini, la sivyo utaanza kutafuta fundi wa kuchomelea pini 40. Na kama hutaki mambo ya pini kabisa, DAC ya USB inachomekwa tu. Waya wa RCA upo kila kona Kariakoo, na kwa walioko Nairobi Luthuli Avenue hamkosi. Pi yenyewe tafuta kwenye maduka yanayouzia wanafunzi wa uhandisi.

Usibanie kwenye chaja. Pi 3 na Zero 2 W wanataka volti 5 na ampea 2.5, Pi 4 inataka ampea 3. Chaja nyingi za simu za bei poa zimeandikwa ampea 2 lakini ukizibana zinashuka, na Pi ikikosa umeme wa kutosha dalili zake zinachanganya, wifi inapotea, muziki unakatika, inajizima na kuwaka, mtu anabaki analaumu programu.

Sasa programu. Ninayoipenda inaitwa Lyrion Music Server, na ina historia ambayo inafaa uijue kwa sababu ndo inakupa imani nayo. Ilianzia kwa kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, iliyoanzishwa mwaka 2000, wakatengeneza redio za mtandao zilizokuja kuitwa Squeezebox. Logitech wakainunua 2006, halafu 2012 wakaacha kutengeneza hizo redio. Kwa kawaida hapo ndo kitu kinakufa. Ila programu ya seva, ile inayokaa kwenye kompyuta na kurusha muziki, ilikuwa ya wazi, kila mtu anaweza kuisoma na kuirekebisha, watumiaji wakaishika wenyewe, na 2024 Logitech walipofunga huduma yao ya mtandaoni jina likabadilishwa likawa Lyrion na kazi ikaendelea. Ni bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye maktaba za muziki, siyo watu wa kusikiliza nyimbo tatu.

Kabla hujaiweka lakini, shughulikia mafaili. Najua kila mtu anataka kuruka hapa, naomba usiruke, kwa sababu seva haitegemei jina la faili, inategemea taarifa zilizoandikwa ndani ya faili, msanii nani, albamu gani, wimbo namba ngapi, mwaka gani. Kama ndani kumeandikwa "Track 01" na "Unknown Artist" basi kwenye simu utakayochagulia nyimbo utaona "Unknown Artist" mwenye nyimbo 900 na hutampata mtu yeyote unayemtafuta.

Muziki wetu una matatizo yake hapa ambayo wazungu wanaoandika miongozo hawayajui. Chukua bendi moja tu, NUTA Jazz. Ikaja ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, ikawa Msondo Ngoma. Bendi ileile, majina manne, matatu ya kwanza yakifuata chama cha wafanyakazi kilivyobadilika. Ukiacha kama zilivyo utakuwa na wasanii wanne kwenye orodha, na ukibadilisha zote ziwe Msondo umefuta historia, wimbo wa NUTA unaonekana umepigwa na watu wa juzi. Ninavyofanya ni hivi, kwenye sehemu ya "Artist" naandika jina la wakati ule kama lilivyo kwenye lebo, halafu kwenye "Album Artist" naandika Msondo Ngoma kwa zote, kwa hiyo ukifungua Msondo albamu zote zinakuja zimepangwa kwa mwaka na ukicheza wimbo unaona jina la wakati wake. Upande wa Kongo nako utakuta OK Jazz, O.K. Jazz, TP OK Jazz na TPOK Jazz, seva inahesabu hao ni watu wanne, chagua tahajia moja ushikamane nayo. Mlimani Park na Sikinde vilevile. Kwenye taarab amua mapema kama Album Artist ni kikundi au mwimbaji, mimi naweka kikundi, mwimbaji namweka kwenye Artist, maana nyimbo za kikundi kimoja huwa zinaimbwa na watu tofauti na ukifuata mwimbaji albamu inavunjika vipande.

Programu ya kufanya hiyo kazi ni Mp3tag kwa Windows, unachagua nyimbo 50 kwa mpigo unabadilisha jina mara moja. MusicBrainz Picard inajaza yenyewe kwa kutambua sauti, ni nzuri sana kwa muziki wa nje, kwa dansi la zamani na taarab itakuacha njiani mara nyingi, utaandika kwa mkono. Andika. Ni kazi ya jioni kadhaa lakini unaifanya mara moja tu maishani. Picha ya kava iweke kwenye folda ya albamu ikiitwa cover.jpg, seva itaiona.

Waliogeuza kanda, najua wengi mna faili moja refu la dakika 30 au 45, upande mzima wa kanda. Lifungue kwenye Audacity, nenda pale wimbo unapoanza, bonyeza Ctrl na B uandike jina la wimbo, fanya hivyo kila wimbo, mwisho chagua kutoa mafaili mengi kwa mpigo kwa kufuata hizo alama, kila wimbo unatoka peke yake na jina lake. Toa kwa FLAC siyo MP3. FLAC inapunguza ukubwa karibu nusu bila kupoteza chochote, CD moja inakaa kwenye MB 250 hadi 400, na hadidiski ya TB 1 inabeba albamu zaidi ya elfu mbili, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana tena kitu ambacho kanda imeshakila vya kutosha. Ila MP3 ulizonazo tayari usizigeuze kuwa FLAC, hazitaongezeka ubora, zitanenepa tu.

Haya, seva. Ingia lyrion.org, pakua ya kompyuta yako, iweke kama programu nyingine yoyote. Ikimaliza fungua brauza uandike localhost:9000 itakuja kurasa ya kuanzia, itakuuliza folda ya muziki iko wapi, ionyeshe, uiache isome. Kama muziki upo hadidiski ya nje hakikisha imechomekwa kabla ya kuwasha seva, vinginevyo itaona folda tupu na inaweza kufuta kila kitu kwenye orodha mpaka uisomeshe upya. Kusoma mara ya kwanza kunachukua muda kama nyimbo ni nyingi, kaandae chai.

Kwenye Windows kuna vitu viwili vya kuangalia hapohapo. Wifi yako iwe imewekwa "Private" siyo "Public", kwa sababu ikiwa Public, Windows inazuia vifaa vingine kuongea na kompyuta yako na Pi haitaiona seva hata ufanye nini. Na Windows Firewall iruhusu milango (ports) 9000 na 3483, kwa kawaida inakuuliza yenyewe unapoweka programu, wewe kubali. Kitu cha tatu ni usingizi, kompyuta ikilala muziki unalala, nenda kwenye mipangilio ya umeme weka isilale ikiwa kwenye chaja, na kama ni laptopu weka kwamba ukifunga mfuniko isifanye chochote. Laptopu ya zamani ambayo hata skrini imepasuka inafaa sana kwa hii kazi, betri yake ikiwa na uhai kidogo inakuwa ulinzi umeme ukikatika ghafla.

Tukirudi kwenye Pi, mfumo ninaoupendekeza unaitwa piCorePlayer. Sababu kubwa ni umeme. Mfumo wa kawaida wa Pi unaandika kwenye memori kadi muda wote, siku umeme ukikatika vibaya kadi inaharibika na unaanza upya. piCorePlayer ikiwaka inajipakia yote kwenye RAM na kadi inaachwa ipumzike, kwa hiyo TANESCO au KPLC wakate wanavyokata, umeme ukirudi inawaka na kuendelea, na hata wewe ukitaka kuizima unachomoa tu. Kwa mazingira yetu hicho ndo kigezo namba moja, siyo rangi ya kurasa.

Pakua faili lake, liandike kwenye memori kadi kwa Raspberry Pi Imager au balenaEtcher, kadi ya GB 8 inazidi mahitaji. Usiichomoe bado. Kwenye kompyuta itaonekana sehemu inaitwa PCP_BOOT, fungua utaona faili la mfano linaitwa wpa_supplicant.conf.sample, lifungue kwa Notepad, andika jina la wifi na nywila yako pale panapostahili, weka na herufi za nchi, TZ au KE au UG, halafu lisevu kwa jina lilelile ila ondoa hiyo ".sample" mwishoni. Angalia Notepad isikuongezee ".txt" kimyakimya, washa kuonyesha majina kamili ya mafaili ili uwe na uhakika. Jina la wifi lina herufi kubwa na ndogo, "Nyumbani" na "nyumbani" ni vitu viwili.

Ingiza kadi kwenye Pi, kibodi cha DAC kikiwa juu, washa, subiri dakika moja au mbili. Kwenye brauza ya kompyuta andika pcp.local, ikikataa ingia kwenye kurasa ya rauta uangalie vifaa vilivyoungwa, utaona namba kama 192.168.1.23, andika hiyo. Ikifunguka nenda kwenye "Squeezelite Settings", chagua aina ya DAC yako. Kwa hivi vibodi vya PCM5102 visivyo na jina, chaguo la HiFiBerry DAC ndo linalofanya kazi. Sevu, kubali iwake upya. Hapohapo kipe jina, "Sebuleni". Ukirudi kwenye localhost:9000 utaikuta Sebuleni imeshajitokeza yenyewe pale juu kulia, hujaandika namba yoyote, vinatafutana vyenyewe vikiwa kwenye wifi moja.

Visipoonana, karibu kila mara ni moja ya haya: kompyuta iko kwenye wifi ya "guest" na Pi iko kwenye ya kawaida, au rauta imewashwa ule ulinzi wa kuzuia vifaa visionane, au Windows bado iko Public. Anza na hayo kabla ya kufuta chochote.

Kuunganisha na amplifaya ni rahisi ila kuna sehemu moja ya kuwa makini sana. Nyuma ya amplifaya utaona AUX, CD, TAPE, TUNER, PHONO. Chomeka popote isipokuwa PHONO. Hiyo ni ya santuri, ina kikuzaji cha ziada ndani na inapandisha besi makusudi, ukichomeka DAC hapo sauti inatoka imepasuka na unaweza kuumiza spika. AUX ikiwa imekufa tumia TAPE IN halafu bonyeza TAPE MONITOR mbele, ni sawa kabisa. Zile Grundig na Philips za zamani zenye tundu la duara la pini tano zinahitaji adapta ya DIN kwenda RCA. Na redio kaseti isiyo na AUX kabisa lakini deki yake inazunguka, kuna ile kanda yenye waya wa 3.5 mm, ubora hausifiki ila inapiga.

Mara ya kwanza geuza sauti ya amplifaya chini kabisa, ndipo upige wimbo. Sauti ya kwenye programu iweke juu mwisho na uiache huko, upunguze na kuongeza kwa kitasa cha amplifaya, kwa sababu ukipunguza kwenye programu unapunguza data kabla haijafika kwenye amplifaya, halafu amplifaya inakuza hata mchakacho. Kwa maktaba yenye mchanganyiko wa kanda na CD mpya kuna ishu ya nyimbo kupishana ukubwa wa sauti, wimbo wa kanda uko chini, unaongeza, unaofuata ni wa CD ya juzi, nyumba inatetemeka. Dawa yake ni ReplayGain. Fungua nyimbo kwenye foobar2000, mwambie apime, ataandika kipimo ndani ya kila faili bila kugusa sauti yenyewe, halafu kwenye mipangilio ya mchezaji (player) "Sebuleni" sehemu ya sauti chagua "Smart gain". Baada ya hapo unaweza kuchanganya chochote na chochote.

Kuongoza kwa simu, ndani ya seva kwenye sehemu ya vipachikwa (plugins) weka kinachoitwa Material Skin, halafu kwenye simu fungua namba ya kompyuta yako ikifuatiwa na :9000/material, uiweke kama alama kwenye uso wa simu. Inafunguka kama programu kamili, kava kubwa, unatafuta, unapanga foleni. Ili hiyo namba isibadilike kila rauta ikizimwa, ingia kwenye rauta uifungie kompyuta namba moja ya kudumu. Kila mtu wa nyumbani aliye kwenye wifi anaweza kuweka wimbo wake kwenye foleni, na hilo huwa linaleta maongezi mazuri ambayo simu ya mtu mmoja haiwezi kuleta.

Sasa kukatakata. Muziki ukisimama na kuendelea usianze kubadilisha vitu ovyo, pima kwanza. Kwenye kompyuta fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika ping, nafasi, namba ya Pi, nafasi, -t. Mistari itaanza kushuka. Ukiona time ni 3 ms, 5 ms, 4 ms, 7 ms, wifi yako ni nzima, tatizo liko kwingine, labda hadidiski au chaja. Ukiona 6, 240, 9, 900, halafu "Request timed out", hapo wifi ndo mgonjwa na hakuna mpangilio wa programu utakaomponya. Iache ikimbie huku ukiisogeza Pi taratibu, utashangaa sentimita 30 tu zinavyobadilisha namba. Mahali pabaya kuliko pote ni nyuma ya amplifaya, lile bodi la chuma linaziba mawimbi, itoe pembeni au juu ya kabati, waya wa RCA wa mita moja na nusu hauharibu kitu. Maikrowevu ikiwashwa inavuruga 2.4 GHz, kwa hiyo kama muziki unakatika saa za kupasha chakula tu umeshajua sababu. Kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, wifi za majirani zinakanyagana, ingia kwenye rauta ujaribu chaneli 1, 6 au 11, usichague za katikati maana zinaingiliana na pande zote. Ukiwa na Pi 4 au 3B+ hamia 5 GHz kama rauta ipo karibu, ila 5 GHz haipendi kuta za zege. Ikishindikana kabisa na ukuta ni mnene kweli, kwenye mipangilio ya mchezaji kuna sehemu ya kuweka kikomo cha kasi, seva itabana FLAC kuwa MP3 ya 320 kabla ya kurusha, mzigo unapungua sana na mtu anayepika au kufua tofauti ya ubora haitamsumbua.

Mvumo wa "mmmm" usioisha ni habari nyingine. Chomoa RCA kwenye amplifaya, ukipotea basi unatoka upande wa Pi. Chomeka chaja ya Pi na amplifaya kwenye ekstensheni moja, mara nyingi hapo unaisha. Bado upo, badilisha chaja. Bado, kuna kijifaa cha kuzuia mzunguko wa ethi kinakaa katikati ya waya wa RCA, mafundi wa redio za magari wanacho.

Ukishazoea utataka na chumbani, na hapo ndo utaona kwa nini nimesisitiza seva hii. Unaongeza Pi nyingine kwenye spika nyingine, unaipa jina, kwenye simu unaziunganisha na zinapiga wimbo uleule kwa wakati mmoja vyumba vyote, bila mwangwi wa moja kuchelewa. Na kama nyumbani kuna spika mpya za AirPlay, Chromecast au DLNA hazihitaji Pi, humohumo kwenye vipachikwa vya seva kuna madaraja ya kila moja, liwashe na spika itaonekana kwenye orodha pamoja na Sebuleni. Kuzifanya hizo zipige sambamba kabisa na Pi ni vigumu zaidi kwa sababu kila mfumo una uchelewaji wake, kwa hiyo vyumba unavyotaka viende pamoja viwekee Pi, hizo nyingine ziache zipige kivyake.